Watu Kumi Nyumbani kwa Bernardo

Asubuhi moja ya Agosti 1988, Bernardo aliwaambia wanawe watano wapeleke mbuzi mbali, ng'ambo ya korongo.

"Msirudi mpaka jua lizame," alisema.

Mbuzi walikuwa tisa tu. Hawakuhitaji wachungaji watano.

Mkewe, Hilaria, alikuwa anatwanga uwele. Alijua sababu. Karani wa sensa alikuwa njiani, na marehemu baba mkwe wake alikuwa akisema kwamba watoto wakihesabiwa hufa.

Karani alikuwa Asnath, mwalimu wa shule ya kijiji kile karibu na Haneti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kigoda."

Asnath alifungua karatasi zake. "Usiku wa kuamkia Jumapili, nani walilala hapa?"

"Mimi, mke wangu, mama yangu, na watoto wawili."

Asnath hakuandika. Watatu kati ya wale wachungaji walikuwa wanafunzi wake.

"Baba, wengine mnawaogopea nini?"

Bernardo alitazama chini. "Baba yangu alikataza. Mtoto akihesabiwa, anakufa."

"Nimekusikia. Lakini dawa, walimu na madawati hupangwa kwa idadi ya watu. Kijiji kikiandikisha watoto mia, zinaletwa chanjo za watoto mia. Wakiwa mia mbili, nusu wanakosa."

Mchi wa Hilaria ulisimama.

"Mwalimu, sensa iliyopita tulikuwa na Sesilia, mtoto mchanga. Karani alipokuja nilimbeba mgongoni, nikaenda kujificha naye shambani. Mwaka uliofuata ikaja chanjo ya surua. Tulipanga foleni tangu alfajiri. Tukaambiwa chanjo zimekwisha."

"Akaugua?"

"Akaugua. Siku sita tu." Hilaria alimgeukia mumewe. "Baba Nathan, yule hakuhesabiwa. Na alikufa."

Bernardo alimsogelea mwalimu. Kisha akaanza kutaja majina, kuanzia Nathan, mkubwa, na umri wa kila mmoja. Walikuwa watoto saba. Asnath aliandika watu kumi. Jioni ile Bernardo alikwenda kwa jirani yake, Sila, akamwambia asimfiche mtu.

Hesabu ilipotoka, kijiji kilionekana kikubwa kuliko kilivyodhaniwa. Miaka mitatu baadaye kilipata zahanati. Siku ya chanjo Hilaria alikuja na kitindamimba wake. Alikuwa wa mwisho kwenye foleni.

"Zimebaki?" aliuliza.

"Zipo, mama," muuguzi akajibu. "Mshike mkono."

Mtoto alilia kidogo, kisha akanyonya.