Bunduki Iliyoachwa Ukutani

Vigingi vilikuwa viwili ukutani, na bunduki ilikuwa moja.

Shaushi Tamimu alisimama katikati ya sebule ya Akida Mwinyimvua, pale Mtunda, akakitazama kigingi kitupu kwa muda mrefu. Alikuwa askari polisi mwenye cheo, na boma lilimtuma kwa sababu bunduki kupotea mwaka ule wa pili wa vita vya Maji Maji haukuwa wizi wa kawaida. Nje, mpagazi mmoja kijana aitwaye Sadallah alikaa chini, mikono imefungwa kwa nyuma. Asipopatikana mwizi mwingine kabla askari hawajarudi bomani, atanyongwa kwa kosa la kuwapelekea waasi silaha.

"Nieleze tena, Bwana Akida. Tangu mwanzo."

Akida akaeleza. Mfanyabiashara Abbasi alimletea bunduki mbili za marisau achague moja, kwa idhini ya serikali. Zote zilikuwa za namna mpya waliyoipenda Wazungu siku hizo. Hazikunjwi katikati kama za zamani. Chini ya mtutu pana mkono wa mbao. Ukiuvuta nyuma ganda linaruka nje, ukiusukuma mbele risasi nyingine inaingia. Moja ilikuwa mpya, nyepesi, inang'aa. Nyingine ilikuwa kuukuu na nzito. Abbasi aliinunua kwa msimamizi wa shamba la pamba aliyerudi kwao Ulaya. Alhamisi Akida alizijaribu uwanjani mbele ya watu, asiweze kuamua. Ijumaa, wanaume wote wakiwa msikitini, ile kuukuu ikaondoka.

"Mimi alinioa kwa kuniona mara moja," alisema Bi Mwanahawa, mke wa Akida, aliyesimama mlangoni. "Bunduki imemshinda wiki nzima."

"Wewe hukuletwa na mwenzio nikulinganishe," Akida alimjibu bila kugeuka.

Tamimu alijizuia asicheke. "Kwa nini mwizi aliacha mpya?"

Hapo Akida alipata nguvu. Alisema mwizi alijua anachokifanya. Risasi zile zina maganda ya karatasi, na huku kwenye unyevu wa delta karatasi huvimba. Bunduki mpya imebana, ikipewa risasi iliyovimba inakwama. Kuukuu imelegea kwa kutumika, inameza chochote. Yeye Akida, siku ile ya kuzijaribu, alipokuwa akiisifu ile inayong'aa, hakuligundua hilo; aliambiwa baadaye na Sadallah, ambaye ndiye aliyezibeba na kuzisafisha njia nzima, na tangu hapo akaanza kuielekea kuukuu. Nani mwingine angelijua hilo?

Maneno yalikaa sawasawa. Tamimu alikaribia kutikisa kichwa kukubali. Kisha macho yake yakashuka. Chini ya vigingi palikuwa na sanduku dogo la risasi, limejaa, kifuniko chake kimefungwa.

"Hili halikuguswa?"

"Halikuguswa."

"Mtu anajua bunduki gani inameza risasi mbovu, halafu anaondoka bila risasi hata moja?"

Tamimu akatoka nje, akachuchumaa mbele ya yule kijana.

"Ungeiba, ungechukua ipi?"

"Mimi siibi, Shaushi."

"Nimesema ungeiba."

Sadallah alifikiri. "Ile kuukuu. Na sanduku la risasi." Ndipo alipotambua alichokisema, akainamisha kichwa. Tamimu akamwambia mlinzi ampe maji ya kunywa.

Alirudi kwa Bi Mwanahawa, akamwuliza siku ya Ijumaa yeye alikuwa wapi. Alikuwa uani, anakuna nazi. Hakuona mtu akiingia sebuleni. Alisikia tu.

"Ulisikia nini?"

"Ule mlio wa kuivuta. Kra-kra, halafu kimya. Halafu tena. Nikadhani Bwana amewahi kurudi, anazichezea."

"Mara zote mbili mlio ulikuwa ule ule?"

"Hapana. Wa kwanza mwembamba. Wa pili unakwaruza, kama kuna mchanga ndani."

Tamimu akaitungua bunduki iliyobaki, akauvuta mkono wake. Mlio ulikuwa mwembamba, safi. Akaketi kwenye kiti cha Akida bila kukaribishwa, bunduki mapajani.

Mwizi aliivuta mpya, akaisikiliza, akairudisha. Akaivuta kuukuu, akaisikiliza, akaichukua. Hakuchagua kwa macho wala kwa uzito mkononi. Alichagua kwa sikio. Na ni nani anayeijua bunduki kwa sikio tu? Ni mtu aliyekuwa karibu nayo ilipokuwa kazini, mahali ambapo hakuweza kuinua kichwa.

"Alhamisi, Bwana alipozijaribu, nani alishtuka?"

"Hata mbuzi walishtuka," alisema Bi Mwanahawa. Kisha akakumbuka. "Tatu aliangusha ungo. Mchele wangu wote mchangani. Sikumsema, mtu mzima yule, na ana msiba wake."

Alieleza kwamba Tatu ni mjane wa Kimatumbi aliyekuja kutoka Mkongo, anayemtwangia mpunga. Siku ya Ijumaa pia Tatu alikuwepo. Alitoka na jamvi amelikunja kichwani, akasema anakwenda kuliosha kijitoni.

Tamimu alimkuta nyuma ya jiko, amewapa watu mgongo, anapepeta. Alisimama nyuma yake na ile bunduki mpya, akauvuta mkono wa mbao.

Kra-kra.

Tatu hakugeuka. Pumba ziliendelea kupeperuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Siyo hii?"

Ungo ukasimama. "Siyo hiyo," alisema Tatu.

"Ile nyingine uliisikia wapi?"

"Mkongo. Nilikuwa chini ya dungu la kulindia ndege, ndani ya mpunga. Mwanangu Mussa alikuwa juu anafukuza ndege, anapiga debe. Walioongozana na yule Mzungu wa shamba la pamba walisema debe ni ishara ya waasi." Alianza kuokota chuya, punje moja moja. "Ilipiga, ikakwaruza. Ikapiga tena, ikakwaruza. Sikumwona mtu. Niliuona mpunga tu, na kile kitu kinakwaruza."

"Mussa alikuwa na dawa ya maji?"

"Watu walisema risasi zitageuka maji. Mwanangu hakuionja dawa hiyo. Alikuwa anafukuza ndege."

Tamimu alichuchumaa kando ya ungo. Kisha akamwambia kwamba kijana Sadallah amefungwa.

"Nimesikia asubuhi," alisema Tatu. "Nilikuwa namalizia mchele wa Bi Mwanahawa, nije niseme. Bwana Akida angeichagua ile. Ingekuwa hapa, ukutani, nami natwanga uani, naisikia kila siku."

Sadallah alifunguliwa kamba. Yeye ndiye aliyeingia kijitoni, mahali Tatu alipoonyesha kwa kidole, akaitoa bunduki kwenye tope. Abbasi, aliyekuja kuitazama mali yake, alishika kichwa. Tamimu alisema atakwenda na mama huyu bomani, na kwamba atalieleza jambo la debe mwenyewe, kwa mdomo wake, wakitaka wasitake.

Akida aliipokea bunduki, akaifuta kwa kanzu yake ya Ijumaa. Akauvuta mkono wa mbao. Haukusogea. Akavuta kwa nguvu zake zote, mtutu ukainama.

Haikulia. Maji yakatoka mtutuni, yakamwagika miguuni pake.

Tatu alikuwa ametega sikio. Alisubiri mpaka maji yakakatika, ndipo akanyoosha mikono yake ifungwe.