Jioni Tatu za Kuchora Nyota Mkia

Jumatatu jioni Adoyo alipanda juu ya paa kuanua nguo. Anaishi ghorofa ya nne katika mtaa wa Fedha, Embakasi, na nguo za jengo zima huanikwa huko juu, kati ya matangi ya maji. Ilikuwa saa moja. Jua lilikuwa limezama, na upande wa magharibi bado kulikuwa na wekundu kidogo. Adoyo alishika shati la shule la binti yake, Aluoch, akatazama kama kola imetakata. Kisha akainua macho.

Beseni likamtoka mkononi. Soksi zikatawanyika sakafuni.

Angani kulikuwa na kitu. Kilikuwa na kichwa cha kung'aa kama nyota, na juu ya kichwa hicho mkia mweupe, mrefu.

"Yesu wangu!" alipiga kelele. "Aluoch! Kuja haraka!"

Mchana huo alikuwa amesikia ujumbe wa sauti katika kikundi cha WhatsApp cha kina mama. Mwanamume mmoja alisema nyota yenye mkia wa moto itaanguka Ijumaa, upande wa mashariki wa Nairobi. Adoyo aliupuuza. Sasa nyota yenyewe ilikuwa mbele yake, juu ya tangi jeusi la jengo la jirani.

Tafadhali usimcheke. Aluoch alipokuwa na miezi minane, waliishi Mathare. Siku moja Adoyo aliona mwanga mwekundu mbali kidogo, akasema ni watu wanachoma takataka. Robo saa baadaye alikuwa anakimbia peku, mtoto kifuani, na nyumba yake inateketea. Tangu siku hiyo akiona moto hangoji kuuliza.

"Alhamisi asubuhi tunapanda basi," alimwambia Aluoch alipofika. "Tunaenda kwa nyanya yako, Ugunja."

Aluoch alitazama angani, akamtazama mama yake. Kilichomshtua zaidi ni mama yake.

"Mathe, wacha hizo! Jumanne ya wiki ijayo naanza mtihani wa mwisho wa Fom Foo! Nikikosa, nitarudia mwaka mzima!"

"Afadhali urudie ukiwa hai."

Jirani yao Nafiso alikuwa hapo hapo juu, akikunja shuka zake. Nafiso huuza vitambaa kwa jumla kule Eastleigh. Pale kwenye jengo wanamwita Mama Abdi.

"Mama Aluoch, pole. Hiyo inaitwa nyota mkia," alisema. "Wengine husema kometi. Ngoja nilete darubini."

Alirudi na darubini ya macho mawili, ya zamani, kamba yake imefungwa kwa uzi. Ilikuwa ya baba yake. Kila mwisho wa mwezi, mzee huyo alikuwa akisimama na wenzake kutafuta mwezi mwandamo, na Nafiso alikuwa akisimama naye.

"Baba alinifunza kitu kimoja kwanza," alisema Nafiso. "Usiguse darubini kabla jua halijazama lote. Ukiangalia jua nayo, hata kidogo tu, unaweza kupofuka. Sasa limeenda. Weka viwiko juu ya ukuta, ndio isitingishike."

Adoyo alitazama.

"Inawaka!"

"Haiwaki. Hilo ni bonge la barafu na vumbi. Likikaribia jua, barafu inageuka mvuke na vumbi linatoka. Huo ndio mkia. Jua ndilo linausukuma, kwa hivyo mkia unaangalia mbali na jua. Ona, jua liko chini, mkia uko juu."

"Na Ijumaa itaanguka?"

"Hapana. Iko mbali sana, mamilioni ya kilomita. Lakini usiniamini mimi tu. Ichore. Kitu kinachoanguka kitakuwa chini zaidi kila siku."

Aluoch alikimbia kuleta penseli na daftari la hesabu. Nafiso alifunika tochi ya simu kwa kitambaa chekundu, ili macho yasiharibiwe na mwanga mweupe. Akamwelekeza Adoyo: chora tangi kwanza, kwa sababu halisogei. Kisha Zuhura, ile nyota kubwa iliyo kushoto. Kisha kichwa cha nyota mkia. Mkia upake kwa penseli kidogo, usugue na kidole. Andika tarehe na saa.

"Chora unachoona, si unachoogopa," alisema.

Adoyo alinyoosha mkono, akakunja ngumi, akapima. Kutoka juu ya tangi hadi kwenye nyota mkia ilikuwa ngumi moja. Kutoka nyota mkia hadi usawa wa Zuhura, ngumi nyingine moja. Aliandika yote.

Jumanne Adoyo alikuwa na ibada ya nyumba kwa nyumba. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya mwenzake wa kanisani, Muhonja, na kwa Muhonja maombi hayana haraka. Adoyo aliporudi alipanda paa moja kwa moja, peke yake, akachora kama alivyofundishwa. Akapima ngumi, akarudia. Nyota mkia ilikuwa imeshuka. Kutoka tangi haikufika hata ngumi moja.

Alishuka ngazi mbiombio. Aluoch alimkuta anatupa nguo ndani ya begi.

"Inaanguka! Nimepima mwenyewe, kwa mkono wangu!"

"Mum, tafadhali, mtihani wangu..."

Aluoch alianza kulia. Alitoka mbio akagonga mlango wa Nafiso. Nafiso alikuja na ushungi wa nyumbani, akachukua daftari, akatazama michoro miwili chini ya taa.

"Ya jana ulichora saa moja kamili. Ya leo?"

"Saa moja na dakika arobaini. Tulichelewa kwa maombi."

"Sasa angalia Zuhura. Jana ilikuwa ngumi mbili juu ya tangi. Leo umeichora wapi?"

Adoyo aliangalia. Hata Zuhura alikuwa ameichora chini zaidi.

"Kwa hivyo Zuhura nayo inaanguka?" aliuliza Nafiso.

Zuhura ilikuwa ikionekana hapo jioni kwa wiki nyingi, na haikuwa imemwangukia mtu.

"Dunia inazunguka," alisema Nafiso. "Kila kitu angani kinashuka magharibi, kama jua. Ukichelewa, unakuta kimeshuka. Ndiyo maana tunachora saa ile ile. Tena tunapima kutoka kwa nyota nyingine, si tangi peke yake. Kesho, saa moja kamili."

Adoyo hakulala vizuri. Begi lilibaki mlangoni.

Jumatano kulitanda mawingu. Saa moja kasoro dakika kumi, upande wa magharibi hakukuonekana kitu. Mtu wa basi, aliyewashikia viti viwili vya Alhamisi, alikuwa amepiga simu mara mbili, anataka jibu jioni hiyo. Aluoch alisimama ameshika tochi. Mama alikuwa amesema wazi: bila mchoro, wanaondoka.

Saa moja ilipofika wingu lilipasuka.

Adoyo alichora tangi. Akachora Zuhura. Akatafuta nyota mkia mahali pa jana, hakuiona. Akainua darubini pole pole, juu, juu zaidi. Akashtuka mpaka akapiga hatua nyuma.

"Haiwezekani," alisema. "Iko juu ya Zuhura!"

Aliipima kwa ngumi mara tatu. Akaweka michoro yote pamoja chini ya tochi nyekundu. Jumatatu, ngumi moja chini ya usawa wa Zuhura. Jumanne, nusu ngumi chini. Leo, juu.

"Inapanda," alisema. "Aluoch, inapanda! Inaenda zake!"

Simu ililia tena. Adoyo aliipokea. "Hapana, kaka, hatusafiri," alisema. "Mtoto ana mtihani."

Aluoch alimkumbatia mama yake, wote wawili wakilia, na Nafiso akaokoa darubini isianguke.

Ijumaa ilikuja ikapita. Kitu pekee kilichoanguka Fedha ilikuwa mvua.

Jumanne iliyofuata, asubuhi, Adoyo alimpigia Aluoch shati pasi, akamsindikiza hadi lango la shule. Watahiniwa waliitwa kwa majina. Aluoch aliitika, akaingia, mlango wa chumba cha mtihani ukafungwa.

Adoyo alibaki ameshika vyuma vya lango. Kama wangepanda lile basi, saa hiyo wangekuwa Ugunja, wamekaa uani, wakitazama anga tupu, na jina la mtoto wake lingeitwa hapa bila mtu kuitika.