Nimekukubali Hivyo Hivyo

"Huyu mletee sufuria yake peke yake," Luan alimwambia mhudumu. "Na vijiti vyake. Visichanganywe na vyetu."

Meza nzima ikamgeukia Diep. Katikati, supu ya samaki ilikuwa inachemka na shangazi yake Luan ameshanyoosha mkono kuchota. Diep alihisi masikio yanawaka moto.

"Luan," alimnong'oneza mchumba wake, "hebu punguza sauti."

"Nipunguze ya nini? Hawa ni ndugu zangu, wanajua una homa ya ini B. Nimeshawaambia mimi nimekukubali hivyo hivyo."

"Una bahati, mwanangu," shangazi akasema, akimtazama Diep kama anayetazama maiti. "Mwingine angekimbia."

Diep alikuwa na miaka thelathini na nne, anauza vitambaa sokoni Can Tho, kusini mwa Vietnam, na virusi hivyo alizaliwa navyo. Hajawahi kulazwa. Alikuwa anapima damu mara mbili kwa mwaka, na kila mara jibu ni lile lile: ini zima, virusi vichache, dawa bado, endelea kupima. Luan alielezwa yote hayo kabla ya pete. Tangu hapo Diep hakupumua. Leo kaletewa mizizi michungu ya kuchemsha, kesho kakatazwa vyakula vya kukaanga, keshokutwa kakuta taulo lake limetupwa nje peke yake.

Walipotoka tu mgahawani, akalipuka.

"Nikuambie mara ngapi? Haipiti kwenye chakula! Ni damu, ni kitandani, ni mama kwa mtoto akizaa. Wewe nenda kapime, uchanjwe, yaishe!"

"Nipime mimi? Nitazame! Miaka arobaini na moja, nabeba injini ya boti begani. Mgonjwa ni wewe."

"Basi usipopima, harusi hakuna."

"Yaani nakusitiri, halafu unanitisha?"

"Unanisitiri?" Diep akapanda pikipiki yake. "Kapime!"

Luan alipima kwa hasira, ili amkomoe. Siku ya majibu alikaa mbele ya Daktari Hanh akiwa ameshakunja mkono wa shati, tayari kwa sindano. Diep alikaa pembeni yake.

"Shusha tu mkono, kaka," daktari akasema taratibu. "Chanjo ni ya asiyekuwa na virusi. Wewe unavyo."

Luan akamgeukia Diep. "Umeniambukiza!"

"Hapana," daktari akamkatisha. "Ini lako lina makovu ya miaka mingi. Hii unayo pengine tangu utotoni. Na unahitaji kuanza dawa sasa."

"Mbona yeye hamezi chochote?"

"Ugonjwa ni mmoja, wagonjwa hawafanani. Kwake umelala. Kwako unakula ini, ila wewe husikii."

Luan akachukua dawa, akatoka bila kuaga. Siku mbili simu haipokei. Ya tatu ukaingia ujumbe: "Diep, tafuta mwanaume mzima. Sitaki kukuharibia maisha."

Diep aliusoma katikati ya majora ya hariri, akacheka kwa uchungu. Akaandika: "Pokea simu wewe!" Akafunga kibanda na kwenda nyumbani kwa mama yake Luan.

Alimkuta Luan uani, ndevu zimemwota, injini imefumuliwa mbele yake. Kichupa cha dawa kilikuwa hakijafunguliwa.

"Hujaanza?"

"Za nini? Nimekwisha."

"Hujakwisha, unasumbua watu tu!"

Luan akainamisha kichwa. Akauliza, "Hivi wewe siku zote ulikuwa unajisikia hivi?"

"Hapana. Nilianza kujisikia hivi uliponiambia umenikubali."

Maneno yale yalimwingia. Akafunika uso kwa mikono yenye grisi.

"Nisamehe, Diep. Nilijiona shujaa."

"Nimechoka, Luan. Nimechoka kweli. Sikutaka shujaa, nilitaka mume. Sasa meza."

"Kila siku?"

"Kila siku. Miaka mingi, labda maisha. Na huachi eti kwa sababu unajisikia vizuri. Na bia basi."

Mlangoni mama yake Luan alikuwa analia. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyemzaa nayo."

"Mama, hakuna aliyejua," Diep akasema, akimshika mkono. "Kesho tunakwenda na wewe upimwe."

Luan akafungua kichupa, akameza.

Harusi ilifungwa baada ya msimu wa mvua kuisha. Maharusi wakapita meza kwa meza kushukuru wageni, kila meza inataka bwana harusi anywe nayo. Kwa Trieu, mjomba wake Luan, wakakwama.

"Kunywa! Au mkeo kashakufunga kamba?"

Wanaume wakaangua kicheko. Diep alitaka kujibu, Luan akamwahi.

"Siwezi, mjomba. Nina homa ya ini B. Natumia dawa."

Kicheko kikakatika. Shangazi akainamia sahani yake. Diep akajikaza, akingoja maneno ya kuudhi, na yake ya kujibu yalikuwa tayari mdomoni.

Mjomba Trieu alibaki ameshika bilauri hewani. Polepole akaiweka chini na kuisukuma mbali, akawasogelea.

"Hiyo dawa," akauliza kwa sauti ya chini, "mnaipata kwa daktari gani?"

Diep akashusha pumzi. Akavuta kiti, akaketi na gauni lake jekundu la harusi.

"Sogea hapa, mjomba," akasema. "Tukuelekeze."