Mlango wa Mwenyekiti

Mlango ulianza kupiga hodi kabla haujatiwa kitasa.

Rubeni, mwenyekiti wa kijiji kipya cha ujamaa nje ya Lushoto, alikuwa ndani anakunywa uji. Akajibu "karibu," kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Hakuingia mtu. Iliingia harufu ya uvundo na tumbaku ya zamani. Mkewe, Yunis, akachungulia nje, akaona migomba tu.

Mlango ule ulitoka kwenye nyumba ya mawe iliyojengwa na Wajerumani, ile ya njia ya Irente, ambayo kijiji kiliibomoa ili wananchi wagawane mawe, vigae na madirisha sawa kwa sawa. Usawa huo aliuhutubia Rubeni mwenyewe, saa nzima, ameegemea mlango wa mbele, wa mvule, uliochongwa simba. Hotuba ilipokwisha aliendelea kuuegemea mpaka ukafika kwake. Shabani, mganga aliyewahi kufagia nyumba ile enzi za wazungu, alimwonya kwamba mle mna jini, na akibomolewa atatafuta pa kukaa. Rubeni akamjibu kwamba jini naye apange foleni, atapewa kiwanja. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kesho yake hodi ikapigwa tena, akakaribisha tena. Mdomo wa mwenyekiti haukuwa na breki. Ndipo Yunis akachukua ndoo, akafungua mlango kwenda mtoni, na Rubeni, aliyekuwa akimtazama mgongoni, akauona mgongo ule ukiingia badala ya kutoka, ukipita kwenye ukumbi mrefu wenye sakafu ya mbao na meko ya ukutani yasiyo na moto, kisha mlango ukajifunga taratibu, na alipoufungua palikuwa na migomba, na ukungu, wala hapakuwa na ndoo, wala mke, wala unyayo hata mmoja kwenye tope.

Akaufunga. Sauti ya Yunis ikatoka upande wa pili, ya chini.

"Baba Kornelio, nifungulie. Huku kuna mtu amekaa, ananiambia karibu."

Akafungua. Migomba.

Shabani alipokuja hakuwasha hata ubani. Alisema jini aliyekaribishwa na mwenye nyumba hafukuziki. Kilichobaki ni kila kaya kurudisha jiwe lake na kigae chake, nyumba ile isimame upya, mlango urudi kwenye miimo yake, mama atoke alikoingilia. Na iwe upesi, kabla hajaizoea baridi ya kule.

Mkutano ukaitwa. Rubeni alipiga magoti mbele ya wananchi, akalia. Mawingu ya masika yalikuwa yameshajaa, na vigae vilikuwa vimeshapanda juu ya paa za watu. Mama mmoja aitwaye Tatu, ambaye mgawo wake ulikuwa kigae kimoja chenye ufa, akasimama, akasema kwa upole.

"Wanaokubali kijiji kizima kinyeshewe kwa ajili ya mlango wa mtu mmoja, wanyooshe mikono."

Ulinyooka mmoja, wa Rubeni.

Jioni ile aliupita mlango mbio, akimwita mkewe. Hakurudi.

Mkutano uliofuata uligawa mlango wenyewe, ubao kwa ubao, sawa kwa sawa. Tatu akapata wenye simba, akaufanya meza. Meza nzuri kweli. Ila watu wakikaa kula, chini yake hugongwa polepole, na sauti mbili, ya mke na ya mume, hupiga hodi. Nyumba nzima imezoea: wanakula, hawaitikii.

Mwaka uliofuata mwana wa Tatu akaoa. Bibi arusi akaletwa, binti mwenye adabu zake, akaketishwa mezani, akawekewa sahani.

Hakuna aliyekumbuka kumwambia.