Boti Hazinywi Maji

Kila Jumamosi, akishafua sare na kudeki nyumba, Verediana alishuka mtoni kumsaidia shangazi yake Faustina kuosha boti za makasia. Watu walitoka Kihesa, kule Iringa mjini, wakaja huku Ilula kupiga makasia, kula mahindi ya kuchoma na kucheka. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha Faustina na wanawe.

Jumamosi moja hakukuwa na cha kuosha wala cha kucheka. Boti zilikuwa zimelala ubavu kwenye matope. Maji yenyewe, jamani, hata kifundo cha mguu hayakufunika! Wageni walichungulia, wakasonya, wakarudi kwenye gari lao.

"Ni huyo Jailos tu!" Verediana aliwaka. Jailos alikuwa jirani yao, mwenye shamba la nyanya upande wa juu wa mto. "Ameziba mto na imekatazwa. Mwizi mkubwa!"

"Umemwona?" shangazi aliuliza.

"Sina haja ya kumwona!"

Akapanda mbio, akamkuta Jailos anapalilia, akamfokea mbele ya vibarua wake. Hata shikamoo hakumpa. Mtoto wa miaka kumi na tatu, fikiria! Jailos akaegemea jembe.

"Pampu yangu ni mbovu, mwanangu, iko kwa fundi. Hebu fuata mpira ule wa maji uone unakoishia."

Verediana akaufuata mpira mweusi uliofichwa chini ya majani. Mtoni, ulikoanzia, kulikuwa na pampu, na viroba vya mchanga vilikuwa vimeziba maji yote. Mpira ukapita kando ya shamba la Jailos, ukavuka njia, ukaingia kwenye nyanya za Tadeo. Tadeo ni nani? Baba yake mzazi! Hasira ikarudi, kali kuliko ya kwanza, maana sasa hakuwa na jirani wa kumtupia lawama.

Kesho yake baada ya ibada, chama cha watumiaji maji kilikutana. Faustina aliomba kila Jumamosi mto uachwe upite, na iandikwe kuwa hiyo ni haki ya boti. Tadeo akawa wa kwanza kusimama.

"Dada yangu nampenda, lakini tuulizane. Nyanya tunajua zinakunywa kiasi gani. Boti zinakunywa lita ngapi? Hayo ni maji ya mchezo!"

Watu wakaangua kicheko. Faustina aliinama. Verediana akashindwa kuvumilia, akasimama.

"Boti hazinywi, baba! Zinataka maji yapite tu, kisha yaende kwa wengine. Anayeyanywa yote ni pampu yako, na viroba ulivyozibia mto. Nimeviona kwa macho yangu!" Akamgeukia Jailos, machozi yanamtoka. "Shikamoo, mzee Jailos. Nilikuita mwizi bure. Nisamehe."

Mwenyekiti, Mama Goodness, akamtazama Tadeo.

"Ni kweli?"

"Nyanya zilikuwa zinakauka," Tadeo alijibu akitazama viatu vyake.

"Na watoto wa dada yako wakauke?"

Siku hiyo hiyo viroba viliondolewa, naye Tadeo akanyimwa zamu yake ya maji iliyofuata. Jumamosi ikaandikwa kuwa haki ya boti, wakulima wote wakaweka sahihi.

Njiani kurudi, Tadeo alikuwa amevimba. "Umenisema mbele ya watu."

"Ningekusema nyuma yako ingekuwa umbea, baba."

"Usimnunie mtoto, kaka," Faustina alisema. "Jirani akiiba, sote tunapiga kelele. Mwizi akiwa wa nyumbani kwetu, hapo ndipo mkweli anapojulikana. Wewe Verediana, jana ulimhukumu mtu bila ushahidi, ukakosea. Leo umesema ulichokiona, hata kilipokuuma. Shika hilo."

Tadeo akapunguza mwendo.

"Haya. Kesho nitakwenda kumwomba radhi Jailos, maana alisingiziwa kwa sababu yangu."

"Leo, baba," Verediana alisema, akasimama pale pale njiani kumsubiri ageuke.