Aliyekaa Kwenye Kiti cha Cherehani

Mvumo ulikuwa unatoka kwenye kiti. Tangu Égide atiwe pampu moyoni, mkewe Gaudiose alizoea kulaza sikio kifuani pake ili ausikie, maana mapigo hana tena; damu inasukumwa mfululizo, kama maji ya bomba. Alasiri ile Égide amelala kitandani, na mvumo unatoka kwenye kiti cha cherehani kisichokaliwa na mtu, pamoja na harufu ya udi, ilhali humo ndani hawajawahi kuchoma udi.

Gaudiose hakushtuka. Miezi minane ya kuuguza ilishamkausha woga. Alishuka tu saluni, ghorofa ya chini, akamwita Kidawa, jirani yao mzaliwa wa Tanga, ambaye mtaa mzima wa Bertrams humwita kusomea wenye majini.

Kidawa alimshika Égide mkono, akauachia upesi.

"Mama Yolande, mshipa wa huyu haupigi!" alimwambia Gaudiose.

"Ni ile pampu, dada. Wewe soma tu."

Kidawa akafungua msahafu, akasoma kwa sauti ya chini, na kadiri alivyosoma mvumo ukafifia, na harufu ya udi ikapungua, na midomo ya Égide ikawa ya kijivu, na vidole vyake vikaanza kupapasa shuka, mpaka Gaudiose akainama kutazama kisanduku cha pampu kiunoni mwake, akakuta nyaya mbili zinaning'inia bila betri, na king'ora chake, ambacho betri zikitoka huamsha jengo zima, hakikuwa kimelia hata mara moja.

"Nyamaza! Betri ziko wapi?"

"Kwangu," Kidawa alinong'ona. "Si uliniletea zote nne saa tatu asubuhi, nizichaji kwa jenereta?"

Ni kweli. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, na kwa uchovu Gaudiose alizichomoa hata zile mbili za mwilini. Sasa ilikuwa saa tisa; kwa saa sita pampu ilikuwa imezimika.

Kidawa alikuwa ameacha kusoma. Mvumo ukarudi kitini, na midomo ya Égide ikapata damu.

Kidawa alikimbia, akarudi na betri. Taa ya kisanduku ikawaka kijani.

"Sasa nimalizie kumtoa huyo jini?"

Gaudiose alimtazama mumewe, kisha kiti. Aliitafuta hofu moyoni mwake, hakuiona.

"Eish, dada. Umeme si utakatika tena?"

Kidawa alifunga msahafu. "Haya. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Gaudiose akaondoa vitenge vilivyorundikwa kitini, akaweka mto.