Kitufe cha Kutoka

Mapokezi ya hospitali siku ya Jumatatu asubuhi hayana adabu. Watoto wanalia, wazee wanakohoa, kila mtu anadai yeye ndiye aliyetangulia. Katikati ya vurugu hiyo muuguzi mmoja alikuwa akiipiga kibodi kana kwamba imemtukana. Gauni lake jeupe lilipigwa pasi likanyooka, na juu yake alivaa sweta la kijani lenye vifungo visivyofanana.

"Nani ametengeneza huu upuuzi?"

"Mimi," alijibu kijana aliyesimama nyuma yake, kompyuta ya mkononi kwapani, shati limechomekwa upande mmoja tu.

Muuguzi aligeuka. "Kumbe wewe ndiye uliyenifungia nje?"

"Mfumo ndio umekufungia. Umekosea neno la siri mara nyingi mno."

"Sijakosea. Linakataa."

"Herufi kubwa ulizizima?"

Muuguzi akatazama kibodi. Kitaa kidogo cha herufi kubwa kilikuwa kinawaka. Alibonyeza taratibu, kikazimika. Bibi mmoja kwenye foleni alicheka hadi akashika mbavu.

"Usiseme neno," muuguzi alimwonya kijana.

"Sijasema."

"Macho yako yamesema."

Hospitali nzima ilimwita yule kijana Fundi, kwa kuwa ndiye aliyetengeneza mfumo ambao wauguzi waliingia kusoma majibu ya vipimo. Yeye alimwita muuguzi Sista, kama wagonjwa walivyomwita, na hata walipopendana hakubadilisha. Simu zao zilikuwa za kipuuzi, kama za wapendanao wote.

"Sista wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, au umeshiba kompyuta?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Hiyo haikai tumboni, baba. Tafuta chakula."

Mambo yakanoga. Wakakubaliana kwamba Jumapili Fundi aende kwa mama yake Sista, ajitambulishe kama mkwe.

Wiki hiyohiyo likatokea jambo. Mgonjwa mmoja, mke wa watu, mimba yake ilikuwa imeharibika, na kabla daktari hajakaa naye kumweleza, ukweni kwake walishajua. Metroni, mkuu wa wauguzi, akawaita wauguzi wote kwenye chumba chao cha mapumziko. Akamwita na Fundi.

"Sista, saa ya chakula ulifungua majibu ya huyu mama?"

"Hapana. Nilibonyeza kitufe cha Toka, nikaenda kula."

Metroni akamgeukia Fundi. "Mfumo unasemaje?"

Fundi alipaswa kusema, "Nipeni muda nikague kitufe chenyewe." Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini mkataba wake ulikuwa karibu kuongezwa, na hakutaka watu waseme anamtetea mchumba wake. Akakohoa.

"Mfumo haudanganyi. Kumbukumbu zake zinaonyesha majibu yalifunguliwa saa ya chakula kwa jina lake. Kama kweli angetoka, yasingefunguka."

"Kwa hiyo mimi mwongo?" Sista aliuliza polepole.

"Nasema mfumo unaonyesha..."

"Sijauliza mfumo. Nimekuuliza wewe."

Fundi alitazama viatu vyake. Sista akasimamishwa kazi mbele ya wenzake wote, akapita katikati yao akiwa ameshika sweta lake mkononi, na hakuna aliyethubutu kumsindikiza.

Jioni Fundi alipiga simu hadi ikapokelewa.

"Mpenzi..."

"Mpenzi wa nani? Mama yangu ameulizwa na majirani kama ni mwanawe anayetangaza habari za wagonjwa. Jumapili usije."

"Sista, nisikilize..."

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Siku chache baadaye Fundi alikuwa kwenye kaunta ya mapokezi akisahihisha jambo dogo. Alipomaliza alibonyeza Toka, kisha mkono ukateleza, akabonyeza mshale wa kurudi nyuma. Ukurasa ukafunguka. Jina lake lilikuwa juu, na majibu ya wagonjwa wote yalikuwa wazi mbele yake.

Alirudia. Yakafunguka tena.

Alielewa palepale. Mtu akiingia kwenye mfumo, hupewa kibali cha muda. Akibonyeza Toka, kibali kinatakiwa kifutwe. Wakati wa majaribio Fundi alichoka kuandika neno lake la siri kila mara, akaizima sehemu inayofuta kibali, akajiambia ataiwasha kabla ya kukabidhi kazi. Hakuiwasha. Kitufe chake kilikuwa kinamwonyesha mtu mlango tu, bila kuufunga.

Aliona aibu hata kumtazama mfagizi aliyemsalimia akipita.

"Ulitoka," alimwambia Sista kwenye simu. "Kosa ni langu."

"Unaniambia mimi ili iweje? Mimi nilijua nilitoka."

"Nitamwandikia Metroni barua."

"Barua? Uliponiita mwongo uliandika barua? Ulisimama. Basi simama tena, mahali palepale."

Wauguzi wakakusanyika upya. Safari hii Sista alikaa mbele, mikono kifuani. Fundi aliwaonyesha: aliingia, akabonyeza Toka, akarudi nyuma kwa mshale. Muuguzi mmoja alikumbuka kwamba siku ile, saa ya chakula, wifi wa mgonjwa aliachwa peke yake pale kaunta. Mwingine akafyonza.

"Siku ile ulikikagua hiki kitufe?" Metroni aliuliza.

"Sikukikagua."

"Na ulituambia mfumo haudanganyi."

"Niliyedanganya ni mimi. Nilisema nisichokijua ili kulinda mkataba wangu. Nikamtupia yeye aibu yangu."

"Sista, kesho njoo kazini, na utuwie radhi," alisema Metroni. "Wewe, Fundi, rekebisha hiki kitu leo. Mkataba wako tutauzungumza nikiwa nimepoa."

Kitufe kilipopona, Fundi alimkuta Sista nje akimngoja.

"Twende."

"Wapi?"

"Kwa mama. Huku umemaliza. Yeye bado hajasikia chochote."

Mama alikuwa sebuleni na gauni la nyumbani, akichambua maharage kwenye ungo. Alimtazama Fundi kuanzia kichwani hadi kwenye soksi, asimkaribishe kiti. Fundi akaanza kueleza vibali na kompyuta.

"Sema lugha ya watu," mama alimkatiza.

"Mlango nilioutengeneza ulikuwa haufungiki, mama. Mwanao aliufunga. Mimi nikasema hakuufunga."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Na mlango wenyewe ulikuwa hujaujaribu?"

"Sikuujaribu."

Mama alitupa punje mbovu pembeni. "Haya niambie. Umekuja kuoa au umekuja kutubu?"

Fundi alimwangalia Sista. Sista aliangalia dirisha. Hakuwa na mpango wa kumsaidia.

"Nimekuja kutubu, mama."

"Afadhali. Ungesema kuoa, ningekutoa nje. Kaa. La kuoa utakuja siku nyingine, na wa kukuita ni yeye."

Fundi akakaa ukingoni mwa kiti, kichwa chini. Sista akaja kukaa ng'ambo ya pili ya ungo, akavuta maharage upande wake.

"Si Jumapili hii," alisema.

"Sawa."

"Wala ijayo."

"Sawa, Sista."

"Nitakupigia."

"Mtapigiana baadaye," mama alisema akiinuka. "Sasa chambueni, maji yangu yameshachemka."